Biti tatu zimevunjika na tundu limekuwa yai: msumeno wa biti ya msokoto kwa kazi za nyumbani

*"Assalaam alaykum. Naishi Fuoni, nyumba ya matofali yenye dari la jipsamu. Kaka yangu aliyeko Marekani ameniletea ule msumeno mdogo wa kushika mkononi unaokata kwa biti iliyosokotwa, pamoja na biti tano. Nataka kutoboa matundu 12 ya taa za spotilaiti kwenye dari, matundu mawili ya soketi kwenye marumaru za ukutani jikoni, na nafasi ya sinki kwenye ubao wa MDF (unga wa mbao ulioshindiliwa) wa milimita 18. Nimeuchomeka kwa adapta nikajaribu kwenye dari. Umelia kwa sauti kali sana, umetoa harufu kama ya plastiki inayoungua, biti tatu zimevunjika na tundu la kwanza limekuwa kama yai. Jamaa wananambia biti ni feki, ninunue nyengine ngumu zaidi. Mbona kwenye video unakata kama siagi? Na je, chombo hiki kitanitosha bila ya kununua grenda na jigsoo?"*

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Umeuliza kuhusu biti, lakini kilichonishtua mimi ni harufu. Usiuchomeke tena msumeno huo mpaka usome kibati kilichobandikwa ubavuni mwake.

Chombo cha waya kilichonunuliwa Marekani kwa kawaida kimeandikwa volti 120, hezi 60. Umeme wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, unaofika kwenye soketi yako ni volti 230, hezi 50. Adapta imebadilisha umbo la pini tu, ili plagi ya pini bapa iingie kwenye soketi yetu ya pini tatu za mraba. Umeme uliopita ndani yake ni ule ule wa 230. Kwa hiyo mota imepewa karibu mara mbili ya volti zake, mkondo nao umepanda karibu hivyo hivyo, na kwa kuwa joto la waya hukua kwa mraba wa mkondo, joto limekaribia mara nne ya kawaida. Ile sauti kali ni mota inayozunguka kupita kiwango chake. Ile harufu ni vanishi inayozitenga nyaya za shaba, imeanza kuungua. Tofauti ya hezi 50 na 60 haina neno kwa mota ya aina hii inayotumia kaboni, vile vipande viwili vinavyoupeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Tatizo ni volti.

Dawa yake ni transfoma ya kushusha umeme kutoka 230 hadi 110 au 120, ile nzito yenye chuma ndani. Angalia kibati: kikisema ampea 6, zidisha kwa 120, unapata wati 720. Nunua transfoma inayoweza kubeba wati 1,000 au zaidi mfululizo, kwa sababu mota huvuta zaidi ya kiwango chake inapoanza na inapobanwa. Neno "mfululizo" ulishike unapokwenda dukani. Zipo transfoma za manjano za kazi za ujenzi kutoka Uingereza zilizoandikwa kVA 3.3, yaani kama wati 3,300, ambazo kiwango hicho ni cha vipindi vifupi tu. Mfululizo zinabeba kama nusu yake. Kwa msumeno wako hata nusu hiyo inatosha na kubaki. Vile vibadilishi vyepesi vya kuingia mfukoni, vinavyouzwa kwa mashine za kunyolea na pasi za safari, visikupitie karibu.

Kama kibati chako kinasema 220–240, basi transfoma hauhitaji, ila harufu hiyo inanifanya nisitarajie hivyo.

Kabla ya kuutumia tena, chunguza kama mota imepona. Ukiwa umechomolewa, zungusha koleti kwa vidole; koleti ni ile tundu yenye nati inayoshika biti. Lazima izunguke laini bila ya kukwaruza. Fungua vifuniko viwili vya kaboni ubavuni, zitoe, uone kama zimevunjika kingo au zimeungua upande mmoja. Kisha washa kupitia transfoma, bila ya biti, kwa nusu dakika, huku ukitazama kwenye matundu ya hewa. Cheche ndogo za buluu chini ya kaboni ni kawaida. Cheche zinazozunguka kama pete, moshi, au harufu ile ile kurudi maana yake nyaya zimeshaungana ndani, na hapo chombo ni cha kupelekwa kwa fundi wa kusuka mota. Muulize bei kwanza. Mara nyingine kusuka mota ndogo hivi ni ghali kuliko inavyostahili.

Sasa tuje kwenye biti. Inawezekana zilikuwa feki, lakini hata biti nzuri kabisa zingevunjika kwa namna ulivyoeleza. Na ushauri wa kununua "ngumu zaidi" ungekuongezea hasara. Biti ya chuma cha kasi (HSS), iliyo ya kawaida, hujipinda kidogo kabla ya kukatika. Biti ya kabaidi tupu ni ngumu kweli, inakaa na makali muda mrefu, lakini ni kama kioo: ukiisukuma kwa ubavu inakatika papo hapo. Hiyo ni ya mkono uliozoea.

Ili uelewe kwa nini zinakatika, acha kuufikiria msumeno huu kama drili. Biti ya drili inakata kwa ncha na inasukumwa kwa urefu wake. Biti ya msokoto inakata kwa ubavu, yaani unaikokota pembeni kama kijiti kwenye mchanga. Kila nguvu unayoongeza inaukunja mwili wake. Na biti yenyewe ni nyembamba, milimita 3.2 kwa ile ya kawaida. Hesabu ndogo inaonesha mambo: kwa mizunguko 30,000 kwa dakika, ukingo wa biti hiyo unakwenda kama mita 5 tu kwa sekunde. Diski ya grenda ya milimita 115 kwa mizunguko 11,000 inakwenda mita 66. Kwa hiyo ile idadi kubwa ya mizunguko haiupi msumeno huu nguvu. Inaufidia wembamba wake. Kila jino linakwangua kiasi kidogo mno, na ukilazimisha likwangue zaidi, biti ndiyo inayolipa.

Mambo mawili ya vipimo yana uzito kuliko jina la kiwanda. La kwanza ni urefu uliojitokeza nje ya koleti. Biti ikijitokeza mara mbili, kwa nguvu ile ile itapinda mara nane. Ndiyo maana sheria ya kazi hii ni kwamba biti ipite bodi kwa milimita 3 tu. Dari la milimita 9 linataka kina cha 12, la milimita 12 linataka 15, na kitako cha msumeno, yaani lile bamba linalolala juu ya bodi, ndicho kinachorekebishwa kupata kina hicho. Wengi huiacha yote nje kwa kudhani itakata vizuri zaidi. La pili ni unene: biti ya milimita 6.35 ni nene mara mbili ya ile ya 3.2, lakini ugumu wake wa kupinda ni karibu mara 16. Kwa bodi laini nyembamba, ile ndogo inatosha na inaacha mfereji mwembamba. Kwa ubao wa milimita 18, usijaribu kwa ndogo.

Koleti nayo ina adabu zake. Pulizia vumbi, ingiza biti mpaka ifike mwisho, irudishe nje kama milimita moja na nusu, kaza kwa mkono kisha kwa spana. Sehemu iliyosokotwa isiingie ndani ya koleti. Ni shina laini tu linalotakiwa kubanwa. Usikaze koleti ikiwa tupu, inaweza kubanika na kupoteza umbo. Halafu chora alama ya kalamu ya wino kwenye shina, pale linapotokea. Baada ya tundu la kwanza itazame. Kama alama imesogea, biti inateleza, na biti inayoteleza kutoka kwenye koleti juu ya kichwa chako si jambo la kusubiri tundu la pili.

Na usitie biti ya drili kwenye chombo hiki eti ukate nayo pembeni. Makali yake yako nchani tu, ubavu wake hauna meno ya kukata, na haikutengenezwa kwa mizunguko 30,000.

Hilo la yai lina sababu yake pia, na ukishaifahamu halitokei tena. Ukiutazama msumeno kutoka nyuma ya mota kuelekea kwenye kazi, biti inazunguka upande wa mshale wa saa. Unapousukuma mbele, meno yaliyotangulia yanapita kutoka kushoto kwenda kulia. Yanapoung'ata ubao, ubao unayasukuma kinyume, na chombo kizima kinavutwa kushoto kwako. Huvuta kushoto daima, uende upande wowote. Anayelijua hili anakaza mkono upande mmoja tu. Asiyelijua anapigana nacho huku na huku, na duara linatoka na tumbo.

Kutokana na hapo unapata upande wa kuzunguka. Unapokata tundu kwa mstari wa penseli, zunguka upande wa saa, milimita 2 ndani ya mstari. Chombo kitataka kutoka nje kuelekea mstari, nawe unakizuia kwa kukivuta kidogo kuelekea katikati. Unapofuata kitu kwa nje, kama boksi lililokwishafungwa nyuma ya bodi, zunguka kinyume cha saa, ili kitu kiwe kushoto kwako na biti ijibane nacho yenyewe. Unapokata mstari ulionyooka kwa kufuata ubao wa kuongozea, ubao huo uwe kushoto kwa unakokwenda. Na saa yenyewe ihesabu kwa jicho lako ukiwa nyuma ya mota, hata unapokuwa juu ya ngazi ukiangalia dari.

Kuhusu video ulizoziona: nyumba nyingi za Marekani ukuta wake ni fremu za mbao na bodi ya jipsamu, na boksi la soketi hufungwa kwenye mbao kabla ya bodi. Fundi anaingiza biti katikati, anaisogeza mpaka iguse boksi, anaitoa nje ya ukingo, anazunguka. Biti ya kazi hiyo ina ncha laini isiyokata, kwa ajili ya kuteleza juu ya boksi. Kazi nzuri, lakini kwenye ukuta wa tofali na plasta wa Fuoni haipo. Usidanganyike ukaugusisha msumeno huu na saruji. Utaimaliza biti kabla ya kufika sentimita mbili. Mfereji wa waya ukutani ni kazi ya grenda yenye diski ya almasi, au tindo na nyundo. Na kwa wanaosoma jibu hili wakiwa na nyumba ya Mji Mkongwe, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa na dari za boriti: huko hakukatwi kitu kabla ya kupita kwenye Mamlaka ya Mji Mkongwe, iwe kwa msumeno wowote.

Basi dari lako. Kwanza kipimo: tundu limeandikwa kwenye boksi la taa, pengine milimita 75 au 90. Usipime pete ya taa kwa nje, kwani pete ni pana kuliko tundu ili ifunike kingo. Pitisha sumaku chini ya dari mahali ulipochora. Ikinata, pana skrubu, na penye skrubu pana fremu ya bati juu yake. Biti ya jipsamu ikigonga fremu inakatika, na ningethubutu kusema angalau moja katika zile tatu zako iliondoka hivyo. Kisha toboa kijitundu cha milimita 6 katikati ya duara, ingiza kipande cha waya mgumu uliokunjwa kama herufi L, mkono wake ukiwa mrefu sentimita mbili kuliko nusu ya kipenyo, na uuzungushe. Ukikwama mahali, sogeza taa. Dakika moja hiyo inakuepusha na fremu, bomba la maji la tangi na waya.

Waya ndio hatari yenyewe. Juu ya dari lako zimepita nyaya za taa na feni, mara nyingi zimelala juu ya jipsamu bila ya bomba. Biti haichagui. Zima sakiti breka ya taa, hakikisha kwa testa kwenye taa zilizopo, kisha tumia umeme wa saketi ya soketi kuendesha msumeno. Kama nyumba yako yote iko kwenye breka moja, au huwezi kujua ipi ni ya nini, simama hapo umwite fundi umeme mwenye leseni aje akutenganishie. Hata hivyo utamhitaji kuziunganisha hizo taa 12.

Kukata kwenyewe: washa kwanza, uache ufikie kasi, uegeshe ukingo wa kitako kwenye dari biti ikiwa imelala nyuzi 45, kisha uisimamishe taratibu mpaka kitako kilale bapa. Anzia ndani ya duara, usianzie kwenye mstari. Mikono yote miwili. Duara la milimita 90 lina mzunguko wa sentimita 28 hivi. Lichukue kama sekunde 20. Sikiliza sauti ya mota: ikishuka, unasukuma mno. Ukiona kingo zinakuwa nyeusi, unachelewa mno au biti imekufa. Kama ndani ya boksi lako mna kile kipande cha kukatia duara chenye msumari wa katikati, kitumie, ila elewa kwamba duara likishatoka lote msumari hauna tena pa kushika na biti itaruka na kuuma ukingo. Acha madaraja mawili ya milimita 5, zima, subiri isimame kabisa, umalizie kwa kisu. Usiitoe biti ikiwa bado inazunguka.

Vumbi la jipsamu litakushukia usoni na ndani ya matundu ya hewa ya mota, maana chombo kimeelekezwa juu. Vaa miwani iliyofunga pembeni na barakoa inayobana uso. Kilemba cha kanga hakichuji vumbi hili. Kila baada ya matundu matatu zima, chomoa, pangusa matundu ya hewa kwa brashi kavu ya rangi. Kama dari si jipsamu bali ni zile bodi za zamani za saruji zenye nyuzi, usilikate kabisa. Huenda lina asbestosi, nyuzi ambazo vumbi lake linaleta saratani ya mapafu.

Haya, sasa nikwambie ukweli ambao kaka yako huenda asiupende: kwa matundu 12 yanayofanana, msumeno huu si chombo bora. Kikombe cha msumeno, yaani kikombe cha chuma chenye meno mdomoni, cha kipimo hicho hicho, kikifungwa kwenye drili ya kawaida, kinakata duara safi kwa sekunde chache na hakivutwi kushoto wala kulia. Ukiwa na drili, au ukiweza kuazima, nunua kikombe kimoja umalize dari kwa asubuhi moja. Na kama huna haraka, kuna msumeno wa mkono wenye ncha kali wa kudungia jipsamu. Ni wa pole pole lakini unausikia unapogusa kitu, jambo ambalo mota haikupi. Wako ubakishie matundu ya vipimo visivyo vya kawaida, mraba wa feni ya kutolea hewa, au kipande cha kuzunguka bomba.

Marumaru za jikoni zinategemea ni za aina gani. Geuza kipande kilichobaki, dondosha maji mgongoni. Yakinywewa upesi na mgongo ni wa rangi ya udongo au malai, hiyo ni seramiki laini ya ukutani na biti ya marumaru, ile yenye chembe za kabaidi badala ya meno, itaikata. Maji yakibaki juu kama tone kwenye jani la mgomba, hiyo ni poselini, na biti hiyo itapiga kelele, itawaka nyekundu na kufa. Poselini ni ya diski ya almasi.

Kata kabla ya kubandika, marumaru ikiwa imelala mezani juu ya kipande cha ubao. Boksi la soketi moja ya Kiingereza kama zetu lina milimita 72 kwa 72 na kifuniko chake 86 kwa 86, yaani una milimita 7 za kuficha makosa kila upande. Kata tundu la 76, bado utabaki na milimita 5. Bandika tepu ya karatasi juu ya mstari ili rangi ya juu isimeguke, toboa tundu la kuanzia kwa biti ya kabaidi kwenye drili bila ya kugonga, ndipo uingize msumeno. Mwendo hapa ni wa konokono, na unapumzisha kila baada ya sentimita chache. Usipoze kwa maji: hiki ni chombo cha umeme wa waya, na maji yanayorushwa na biti yanaingia kwenye mota. Biti moja ya marumaru haiishi muda mrefu. Kwa matundu mawili weka mbili.

Sinki: MDF ya milimita 18 unaweza kwa biti ya 6.35, katika mizunguko miwili, wa kwanza kina cha 9, wa pili mpaka ng'ambo. Banza ubao ulionyooka kwa klempu uwe kiongozi. Lakini kosa linalovunja biti hapa ni la mwishoni. Kile kipande cha katikati kina uzito. Kinapobakiza sentimita kumi kinaanza kuning'inia, mfereji unajifunga, biti inabanwa na kukatika. Piga vipande viwili vya mbao juu yake kwa skrubu, vipite mfereji na kushika pande zote, uvihamishe kadiri unavyozunguka. Ukishakata, ziba kingo zote kwa kupaka vanishi mara mbili au rangi ya mafuta kabla ya kuweka sinki na silikoni. MDF isiyozibwa, kwa maji ya jikoni na unyevu wa hewa yetu wakati wa masika, itavimba kama mkate wa mofa. Jigsoo ingeifanya kazi hii kwa wepesi zaidi na kwa vumbi chache. Kama jirani anayo, iazime. Na kama juu utaweka graniti badala ya MDF, msumeno wako hauhusiki kabisa.

Kwa hiyo hapana, hautakutosheleza peke yake. Grenda inakata mawe, jigsoo inakata mbao nene. Msumeno wa msokoto mahali pake ni katikati ya bodi: pale ambapo huna ukingo wa kuanzia, nyenzo ni laini na nyembamba, na umbo si la kawaida. Kwenye mvule au mninga utakata, lakini polepole na kwa kuunguza, na vumbi la mvule linawasha ngozi na kifua. Kwenye dari la plastiki la PVC unayeyusha kuliko kukata, isipokuwa kama wako una kirekebisha kasi cha kushushia. Ukimaliza kazi pangusa biti kwa mafuta kidogo uzifunge ndani ya kopo. Hewa ya chumvi inazila meno kabla hujazitumia mara ya pili.

Kipande cha biti kikiingia jichoni, usisugue na usikitoe mwenyewe. Funika bila ya kukandamiza uende hospitali ya Mnazi Mmoja siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yamepoa. Breka ikikatika ukiwa unakata, usiirudishe kabla ya fundi umeme kupanda kuangalia ulichokigusa.

Na lile yai. Kama pete ya taa inalifunika lakini zile springi mbili hazina pa kushika, usijaribu kuzikunja. Kata jipsamu iwe mraba wa sentimita 20, ingiza juu yake vipande viwili vya plaiwudi, ukazie kwa skrubu za jipsamu kutoka chini. Kata kipande kipya cha jipsamu kinachobakiza milimita 2 kila upande, kifunge kwenye plaiwudi hizo, bandika tepu ya wavu kwenye maungio, paka jipsamu ya unga mara mbili, kila mara uiache ikauke. Plaiwudi ziweke kingoni tu, mbali na katikati, usije ukazikuta njiani utakapolitoboa tena tundu lile lile.